MAMBO YA KALE: MIJI MIWILI YA MPAKANI MWA WAMAYA

Katika nchi ya Honduras, huko Amerika ya Kati, liko bonde dogo lenye rutuba lipitiwalo na mto uitwao Copán. Kutoka hapo hadi mpaka wa Guatemala ni mwendo wa kilometa 12 hivi. Vilima vyenye misonobari vimelizunguka bonde hilo, na wakulima wake hupanda mahindi, maharagwe, kahawa na tumbaku. Mgeni apitaye njia angeweza kudhani kwamba mahali pale hapajatokea jambo kubwa tangu kuumbwa kwa dunia. Lakini akitoka kidogo nje ya mji mdogo wa Copán Ruinas, hukuta uwanja mpana, ngazi za mawe zipandazo juu kama mlima, na minara ya jiwe moja moja iliyochongwa sura za wafalme waliovaa mapambo ya manyoya na vito. Hiyo ndiyo Copán ya kale, uliokuwa mji mkuu wa ufalme wa Wamaya kwa muda wa miaka 400.

Karibu kilometa 50 upande wa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, katika bonde la mto Motagua lililojaa migomba, yako magofu ya mji mwingine uitwao Quiriguá. Mji huo ulikuwa mdogo, na kwa miaka 300 ulikuwa chini ya Copán kama mtumishi alivyo chini ya bwana wake. Kisha siku moja ya mwaka 738 mtumishi alimkata bwana wake kichwa. Habari ya miji hii miwili yafaa kujulikana na kila msomaji apendaye kujua jinsi mataifa yanavyoinuka na kuanguka, na jinsi habari zilizozikwa ardhini zaidi ya miaka elfu moja zilivyopata tena kusomwa.

WAMAYA NI WATU GANI

Wamaya ni wenyeji wa nchi zile zilizo leo kusini mwa Mexico, Guatemala, Belize, na upande wa magharibi wa Honduras na El Salvador. Hapo kale hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Kila mji mkubwa ulikuwa na mfalme wake, miungu yake na vijiji vyake, na miji hiyo ilifanya biashara, ikaoana, na kupigana vita.

Chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Jina la Kiswahili la nafaka hiyo laweza kumfanya mtu adhani kwamba ilitoka Uhindi, lakini sivyo. Asili yake ni Mexico, ambako watu walianza kuipanda maelfu ya miaka iliyopita, na ilivuka bahari kuja Afrika baada ya Wazungu kufika Amerika mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo mama asongaye ugali katika Kenya hupika chakula kilichotoka kwa wakulima wa nchi zile.

Wamaya walijenga kwa mawe pasipo vyombo vya chuma, wala hawakuwa na ng'ombe, farasi au punda wa kubeba mizigo. Kila jiwe lilibebwa au kuburutwa na watu. Pamoja na hayo walijua hesabu na maandishi. Nukta moja ilikuwa moja, mstari mmoja ulikuwa tano, na alama ya kombe ilikuwa sifuri. Walihesabu kwa makumi mawili-mawili, nao walikuwa na kalenda iliyohesabu siku moja moja tangu siku ya mwanzo iliyoangukia mwaka 3114 kabla ya Kristo. Kwa sababu hiyo, jiwe la Wamaya lililoandikwa tarehe humweleza mtaalamu wa leo siku hasa ya jambo lililotendeka.

Copán na Quiriguá zilikuwa mwisho wa nchi yao upande wa kusini-mashariki. Mtu aliyetoka Copán akaenda mashariki, baada ya siku chache za kutembea aliingia katika nchi za watu wasiosema Kimaya, wakiwemo mababu wa watu waitwao Lenca. Mpaka huo haukuwa ukuta. Hakuna boma wala handaki lililotenga watu hawa na wale. Palikuwa na njia, masoko, na ndoa.

MGENI ALIYEKUJA KUTAWALA

Waswahili husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wa Copán walikuwa na mgeni wa namna hiyo. Katika mwaka 426 alishika ufalme wao mtu aliyeitwa K'inich Yax K'uk' Mo'. Ndani ya jina lake wamo ndege wawili, kwezali mwenye manyoya ya kijani na kasuku mkubwa wa nchi zile. Huyo ndiye aliyeanzisha ukoo wa wafalme 16 waliotawala Copán mmoja baada ya mwingine. Mwaka ule ule, kwa amri yake, mtawala wa kwanza alitawazwa huko Quiriguá. Sababu ya kuuweka mji huo yaeleweka kwa urahisi. Mto Motagua ulikuwa njia ya mizigo kati ya nyanda za juu na bahari ya Karibi, na katika bonde lake lilipatikana jiwe gumu la kijani liitwalo jedi, ambalo Wamaya walilithamini kuliko vito vyote.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakuwa na hakika kama mfalme huyo wa kwanza alikuwa mtu kweli au ni hadithi tu. Katika miaka ya 1990 kundi la wachimbaji likiongozwa na Robert Sharer wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichimba vichuguu chini ya jengo kubwa liitwalo Jengo la 16. Ndani kabisa, chini ya majengo yaliyojengwa moja juu ya jingine, walikuta kaburi la mzee aliyezikwa pamoja na vitu vya thamani. Mifupa ilionyesha kwamba alipata kuumia mara kadhaa maishani mwake, na kwamba mkono wake mmoja ulipata kuvunjika. Picha ya mfalme wa kwanza iliyochongwa miaka 350 baadaye humwonyesha akiwa na ngao ndogo mkononi.

Meno yake yalitoa ushahidi mwingine. Mtoto anapokua, maji na chakula cha nchi yake huacha katika meno yake chembe za madini za nchi ile, na chembe hizo hazibadiliki hata akihamia mbali. Meno ya mzee huyo yalionyesha kwamba hakukulia Copán. Alikulia mbali kaskazini, katika nchi ya katikati ya Wamaya. Hivyo yale yaliyoandikwa katika mawe, kwamba mfalme wa kwanza alifika kutoka mbali, yalithibitishwa na meno yake mwenyewe.

MAISHA YA MPAKANI

Mji uliokaa mpakani ulipata faida ya pande mbili. Karibu na Copán kulikuwa na machimbo ya obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano kama kipatikanacho karibu na Naivasha. Kwa kuwa chuma hakikujulikana, visu na mishale ilitengenezwa kwa jiwe hilo. Watu wa Copán walilipokea kutoka machimbo ya Ixtepeque, wakalitumia na kulipitisha kwa wengine.

Vilevile walitengeneza vyungu vizuri vyenye rangi nyekundu na nyeusi, ambavyo wataalamu huviita Copador. Vyungu hivyo vimepatikana kwa wingi Copán na pia mbali kusini, katika El Salvador. Jambo la kushangaza ni kwamba juu ya vingi vimechorwa mistari inayofanana na maandishi ya Wamaya, lakini si maandishi, nayo haisomeki. Ni pambo tu. Ni wazi kwamba wanunuzi wake waliona sifa ya maandishi, wakataka kuwa nayo nyumbani mwao, ingawa wengi wao hawakujua kusoma. Pengine msomaji amepata kumwona mtu afungaye kalamu mfukoni naye hajui kuandika jina lake.

Katika mtaa wa kale uitwao Las Sepulturas, ambamo waliishi watu wenye cheo, wachimbaji walikuta nyumba zilizozunguka ua mmoja zikiwa na vyombo vingi vya nchi ya mashariki, vya bonde la Ulúa. Wataalamu hufikiri kwamba hapo waliishi watu waliotoka ng'ambo ya mpaka. Hawakufukuzwa wala kutengwa nje ya mji. Walikaa karibu na majirani wakubwa, wakishika desturi zao za jikoni.

Katika siku zake njema bonde la Copán lilikuwa na watu wapatao 20,000 au zaidi. Hao wote walilishwa na mashamba ya bonde lile dogo na ya vilima vyake.

KICHWA CHA MFALME

Mfalme wa 13 wa Copán aliitwa Waxaklajuun Ubaah K'awiil. Alitawala tangu mwaka 695, na katika siku zake mafundi wa kuchonga mawe walifika kilele cha kazi yao. Wachongaji wa miji mingine walizoea kuchora sura juu ya uso wa jiwe, lakini wale wa Copán walichonga mpaka mfalme akaonekana kama atakayetoka katika jiwe na kutembea. Alijaza uwanja mkuu minara yenye sura yake. Mwanzoni mwa mwaka 738 alizindua kiwanja kipya cha mchezo wa mpira wa utomvu, kilichopambwa kwa vichwa vya kasuku.

Miaka 13 au 14 kabla ya hapo, mfalme huyo alikuwa amemtawaza mtawala mpya wa Quiriguá, aliyeitwa K'ak' Tiliw Chan Yopaat. Hapana shaka Copán ilimhesabu kuwa ni mtoto wa nyumbani. Lakini Quiriguá ilikuwa juu ya njia ya jedi, na mali iliyopita mbele ya macho yake ilikwenda kumtukuza mwingine. Tena, katika nchi ya Wamaya kulikuwa na miji miwili mikubwa iliyoshindana kwa muda mrefu, Tikal na Calakmul. Copán ilikuwa rafiki ya Tikal. Maandishi ya Quiriguá yaonyesha kwamba katika mwaka 736 mtawala wake alikuwa na uhusiano na mfalme wa Calakmul. Hivyo ugomvi wa wakubwa wa mbali ulipata mlango wa kuingilia katika nyumba ya mpakani.

Mwishoni mwa Aprili mwaka 738, kama maandishi yasemavyo, sanamu za miungu ya Copán zilichomwa moto. Siku sita baadaye, tarehe 3 Mei kwa hesabu ya wataalamu wa kalenda, mfalme wa Copán aliyekuwa amemaliza miaka 43 katika ufalme alikatwa kichwa na yule aliyemtawaza kwa mkono wake mwenyewe. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Jinsi alivyokamatwa haikuandikwa. Huenda alinaswa njiani au katika mapigano ya watu wachache, kwa sababu Copán yenyewe haionyeshi dalili ya kutekwa wala kubomolewa. Inafaa pia kutazama jinsi kila mji ulivyoliandika jambo lile. Quiriguá iliandika kwamba mfalme alikatwa kwa shoka, ikalirudia jambo hilo katika jiwe baada ya jiwe. Copán iliandika kwa heshima kwamba mfalme wao alikufa katika vita, kwa jiwe lake la makali na ngao yake. Mtu mmoja, siku moja, habari mbili. Kama ungalibaki mji mmoja tu na maandishi yake, watu wa leo wangalijua nusu ya habari. Hakimu mwema hasikilizi upande mmoja, naye mwanafunzi wa historia vivyo hivyo.

MKUBWA ALIYENYAMAZA NA MDOGO ALIYEJIVUNA

Baada ya ushindi ule Quiriguá ilijijenga upya. K'ak' Tiliw Chan Yopaat alipanga uwanja wake kwa kuufuatisha uwanja wa Copán, kama mtu avaaye nguo za aliyemshinda. Katika mwaka 771 alisimamisha mnara wa jiwe moja ambao urefu wake wote, pamoja na sehemu iliyozikwa ardhini, ni meta 10 na nusu, na uzito wake ni makumi ya tani. Hakuna mnara wa jiwe moja uliosimamishwa na Wamaya unaojulikana kuupita huo kwa urefu. Mfalme huyo alitawala kwa muda wa miaka 60 hivi, mpaka alipofariki mwaka 785.

Huko Copán kulikuwa kimya. Kwa zaidi ya miaka 15 haukusimamishwa mnara hata mmoja. Mfalme wa 14 hakuacha sanamu yake. Lakini wataalamu hufikiri kwamba katika siku zake, mnamo mwaka 746, lilijengwa jengo moja ambalo kuta zake zimepambwa kwa alama za mkeka uliosukwa. Kwa Wamaya mkeka ulikuwa ishara ya utawala, na jengo la namna hiyo huitwa kwa lugha yao popol nah, yaani nyumba ya mkeka, ambamo wakubwa wa mji waliketi kushauriana. Kama maoni hayo ni sahihi, basi mfalme aliyerithi aibu alitambua kwamba hawezi kutawala peke yake, akawaita wakuu wa mitaa waketi naye jamvi moja. Hakujiwekea sanamu, lakini huenda ndiye aliyeuokoa mji.

Mfalme wa 15 alipata nguvu ya kusema tena. Katika mwaka 755 alikamilisha ngazi kubwa iliyoanzishwa na yule mfalme aliyeuawa. Kila kipandio chake kimechongwa maandishi, jumla alama 2,200 hivi, zikieleza habari za ukoo wa wafalme. Hayo ndiyo maandishi marefu kuliko yote ya Wamaya yaliyochongwa katika mawe. Mji ulioaibishwa ulijibu kwa kuandika habari za wazee wake.

Mfalme wa 16, Yax Pasaj Chan Yopaat, alitawazwa mwaka 763. Katika mwaka 776 alichongesha jiwe la mraba linaloitwa na wataalamu Madhabahu Q. Katika kila upande wameketi wafalme wanne, jumla 16, na katika upande wa mbele mfalme wa kwanza anamkabidhi yule wa 16 ishara ya ufalme. Karibu na jiwe hilo ilikutwa mifupa ya chui wakubwa wa nchi ile, waitwao jagwa, wapatao 15, kana kwamba kila mmoja alitolewa kwa ajili ya babu mmoja.

Ugomvi nao ulikwisha. Katika mwaka 810 maandishi ya Quiriguá yanamtaja mfalme huyo wa Copán kuwa alishiriki katika ibada huko. Wajukuu walikaa pamoja pale ambapo babu zao waliuana.

MWISHO WA UFALME

Lakini amani ilikuja wakati nguvu za miji yote miwili zilikuwa zikiisha. Baada ya mwaka 810 Quiriguá haikuacha tarehe nyingine. Huko Copán mtu aitwaye Ukit Took' alitaka kuwa mfalme wa 17. Alianza kuchongesha jiwe kama lile la Madhabahu Q, lenye tarehe ya mwaka 822. Upande mmoja ulimalizika, wa pili ulianzwa kidogo tu, na pande mbili zilizobaki hazikuguswa. Fundi aliweka chini patasi yake ya jiwe wala hakurudi tena.

Kwa nini ufalme ulikoma? Wachunguzi wa mifupa wameona dalili za njaa na maradhi katika watu wa siku zile za mwisho, wa cheo kikubwa na kidogo. Wengine wamesema kwamba majumba yalikuwa yameenea juu ya ardhi nzuri ya bondeni, wakulima wakapanda vilimani, miti ikakatwa, na mvua ikachukua udongo. Wengine hukataa kwamba misitu ilikwisha, kwa kuwa vumbi la maua lililohifadhiwa katika tope la kale laonyesha kwamba miti ilikuwapo. Wakati ule ule miji mingi ya Wamaya wa kusini ilikuwa ikiachwa, na biashara ya njia za kale ilikuwa imevurugika. Inaonekana kwamba mambo mengi yaliungana. Watu wa kawaida hawakutoweka kwa siku moja. Familia nyingi ziliendelea kulima baada ya wafalme kwisha, kisha zikapungua kidogo kidogo.

JINSI SIRI ILIVYOFUMBULIWA

Katika mwaka 1576 hakimu Mhispania, Diego García de Palacio, alipita Copán akamwandikia mfalme wake barua juu ya magofu aliyoyaona. Barua yake haikuleta uchunguzi wowote. Katika mwaka 1839 Mwamerika John Lloyd Stephens na rafiki yake Mwingereza, mchoraji Frederick Catherwood, walifika wakakuta msitu umemeza kila kitu. Stephens aliununua mji mzima kwa dola 50 kutoka kwa mtu aliyekuwa na haki ya kukaa juu ya ardhi ile. Kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1841, pamoja na picha za Catherwood, kiliwafahamisha watu wa ulimwengu. Wakati ule wengi wa Ulaya walidhani kwamba majengo kama hayo yalijengwa na Wamisri au taifa jingine la ng'ambo. Stephens alikataa maneno hayo, akasema waliojenga ni mababu wa wenyeji wa nchi ile. Alisema kweli.

Baada yake alikuja Mwingereza Alfred Maudslay, aliyepiga picha na kuchukua sura za mawe ya Quiriguá na Copán katika miaka ya 1880. Wengine walifuata, na baadhi walilipa kwa maisha yao. Kijana John Owens wa Chuo Kikuu cha Harvard alikufa kwa homa huko Copán mwaka 1893. Mto nao ulikuwa ukila majengo mwaka hata mwaka, mpaka wachimbaji wa miaka ya 1930 walipougeuza ushike njia nyingine. Wakati huo ile ngazi ya maandishi ilikuwa imeporomoka. Vipandio vya chini 15 hivi tu ndivyo vilivyokuwa mahali pake, na mawe mengine yalirudishwa bila kujulikana mpango wake wa kwanza, kama karatasi za faili zilizomwagika sakafuni na kuokotwa ovyo. Kazi ya kuzipanga imewachosha wataalamu kwa miaka mingi.

Hata baada ya tarehe kusomwa, maneno hayakusomeka. Wataalamu wakubwa walidhani kwamba Wamaya waliandika habari za nyota na siku peke yake. Wako waliosema kwamba wale watu 16 wa Madhabahu Q walikuwa wanajimu waliokutana kusahihisha kalenda. Katika mwaka 1952 Mrusi Yuri Knorozov alionyesha kwamba alama nyingi zilikuwa sauti za lugha. Katika mwaka 1958 Heinrich Berlin alitambua kwamba kila mji mkubwa ulikuwa na alama yake, na ya Copán ni kichwa cha popo. Katika mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff, mwanamke aliyepata kuchora majengo ya Copán jinsi yalivyokuwa zamani, alithibitisha kwamba mawe yaliandikwa kuzaliwa, kutawazwa na kufa kwa wafalme. Ndipo wale wanajimu 16 wakageuka kuwa wafalme 16, kila mtu na jina lake.

Wachimbaji nao waliendelea. Katika mwaka 1989 Ricardo Agurcia Fasquelle, mwana wa Honduras, alikuta chini ya Jengo la 16 hekalu zima lililozikwa kwa uangalifu na watu wa kale, lingali na rangi yake nyekundu. Aliliita Rosalila. Tangu mwaka 1996 mfano wake, wenye ukubwa ule ule, umesimama katika nyumba ya makumbusho hapo Copán.

WENYEWE WANGALIPO

Msomaji aweza kuuliza, Wamaya wa Copán walikwenda wapi? Wazao wao wapo. Watu waitwao Ch'orti' huishi pande zote mbili za mpaka wa Guatemala na Honduras, na lugha yao ni jamaa wa karibu wa lugha iliyochongwa katika mawe. Wataalamu walipotaka kusoma maandishi ya wafalme, walitafuta maana ya maneno mengi katika vinywa vya wakulima hao, ambao kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa watu wasio na historia. Mpaka uliopo ulikatwa mwaka 1933 na mahakama ya wasuluhishi huko Washington, baada ya ugomvi mrefu wa serikali mbili. Copán ikabaki Honduras na Quiriguá ikabaki Guatemala. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ch'orti' wa Honduras waliodai ardhi ya kulima walikwenda wakaziba mlango wa magofu ya Copán, ili serikali na wageni wakumbuke kwamba wenye mababu wale wangali hai, nao wana njaa ya ardhi.

Serikali zote mbili hujivunia mawe hayo. Noti ya lempira moja ya Honduras ina picha ya kiwanja cha mpira cha Copán, na sarafu ya senti 10 ya Guatemala ina mnara wa Quiriguá. Shirika la UNESCO liliingiza Copán katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na Quiriguá mwaka 1981. Ni heshima kubwa, lakini heshima ya jiwe haimshibishi mzao wa mchonga jiwe.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafalme wa Copán walipoteza mali, jeshi na mji, lakini daftari lao lilikuwa la mawe, kwa hiyo habari yao haikupotea. Daftari la pili lilikuwa lugha iliyohifadhiwa na watu maskini shambani, wakiwafundisha watoto wao jioni kwa jioni pasipo kujua kwamba wanatunza ufunguo. Bila daftari hilo la pili, lile la kwanza lingalibaki bubu. Kwa hiyo mzee akaaye kijijini akijua majina ya babu zake na maneno ambayo vijana wanayasahau, asidharauliwe. Aulizwe angali hai, na majibu yake yaandikwe.